Kigiriki Nilichokiidhinisha kwa Simu

Hii habari mkiisikia kwa watu itakuwa imeongezwa chumvi, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe na chumvi yangu, maana pale makaburini walikuwepo watu wengi na kila mmoja aliondoka na toleo lake, na kuna jirani yangu mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, mpaka leo akiniona anageuka kwanza acheke, ndipo anisalimie. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na mimi nimeshawahi kwenda maulidini nimevaa gauni ndani nje.

Jina langu Somoe, kwetu Mpapura, wazazi wangu ni watu wa korosho na muhogo, ila mimi nilikimbia jembe nikafungua duka la steshenari mjini Mtwara: nachapa, natoa kopi, natengeneza kadi za harusi na maandishi ya vibao. Na ni mtu wa kushuku, sijifichi. Mtu akinisalimia kwa furaha sana najiuliza anataka nini. Mteja akisifia kazi naikagua upya, nikidhani kaona kosa ananikejeli. Mume wangu anasema hata mvua ikinyesha mimi nachungulia nani kaileta.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Mwalimu Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, amefundisha wanafunzi wa uchungaji huku kwetu mpaka akastaafu, na hakurudi kwao. Mkewe, Mwalimu Tusekile, naye alikuwa akifundisha chuo hicho hicho, akafariki, akazikwa hapa Mtwara, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Ndugu wa mke walitaka dada yao apelekwe nyumbani akalale na wazee wake. Mzee akasema marehemu mwenyewe aliomba azikwe hapa. Wakamwuliza nani mwingine alisikia, na hakukuwa na mwingine. Basi wakakubali kwa kinyongo, wakasema watakuja siku ya kuweka msalaba na jiwe kaburini, waone dada yao amelazwaje, na wasiporidhika watamfukua wamhamishe.

Haya yote alinieleza mwenyewe dukani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia ameiweka magotini, anaongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtu. Wala sikumwuliza. Na mimi, badala ya kumwonea huruma, nikawa najiuliza huyu mzee mbona ananimwagia mambo ya ndani hivi, kuna nini.

Kazi yake ilikuwa maandishi ya lile jiwe: jina la marehemu, tarehe, na chini yake maneno mawili ya Kigiriki cha kale. Nikamwuliza, "Mwalimu, wanaokisema wako wapi hao?" Akasema, "Hiki cha kale hakuna anayekisema tena, mwanangu. Kinasomwa tu." Hapo machale yakanicheza. Lugha isiyosemwa na mtu, halafu inaandikwa kaburini. Nikaguna moyoni.

Akatoa flashi. Akasema kompyuta yangu haina herufi hizo, kwa hiyo tuingize fonti yake, ya zamani, aliyokuwa akichapia mitihani ya chuo. Nikasita, maana flashi za watu zimenitenda (kuna moja ilificha kadi zote za harusi, mpaka bibi harusi akalia mbele yangu), ila nikamruhusu kwa kuwa alikuwa amekaa pale pale namwona. Akausogelea ubao wa herufi, akachapa kwa kidole kimoja huku ananifundisha, maana walimu huwa hawastaafu. Ukibonyeza x ya kawaida, inatokea herufi yao inayosikika kama kh. Ukibonyeza a, inatokea alfa. Na ukibonyeza alama ya sawasawa, ile ya hesabu, herufi iliyotangulia inavishwa kofia. Na kweli, kwenye skrini yakatokea maandishi yamejipinda vizuri, χαῖρε φίλη, hata mimi nikayapenda. Mzee akayatazama muda mrefu. Akasema, "Ndiyo hayo," akafuta miwani, akaaga.

Alipotoka tu nikaanza kupekua ameniachia nini humo ndani. Nikaikuta ile fonti, ina jina la ajabu, herufi na namba zimechanganyika, na mimi kwenye kompyuta hiyo nina vyeti vya watu, nina mitihani ya shule, nina nywila za wanaojiandikisha mambo yao mtandaoni. Nikasema sitaibiwa na mzee wa watu. Nikaifuta. Nikaifuta mpaka kwenye pipa la taka la kompyuta, nikapitisha programu ya kuua virusi, nikapumua. Kazi yenyewe nilikuwa nimeshaihifadhi, sikuona haja ya kuifungua tena, nikaituma kwa Fundi Dadi anayechonga marumaru kwa mashine.

Na Fundi Dadi naye nilikuwa simwamini, kwa sababu mdogo wake amefungua steshenari ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango, na mimi nilikuwa na hakika wanashirikiana kunichukulia wateja. Basi akanipigia simu.

"Dada Somoe, hii kazi ya kaburi, mbona huku chini pana vitu kama hesabu? Ndivyo ilivyo?"

Nikamwambia hebu soma. Akasoma: iksi, a, i, alama ya sawasawa, r, e. Sasa hapo sikilizeni ujinga wangu. Hizo ndizo herufi hasa nilizomwona mzee akizibonyeza, kwa macho yangu haya, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nilijua. Nikajiona mtaalamu wa Kigiriki. Nikamwambia ndivyo hivyo hivyo, hiyo sawasawa ni kofia, wewe chonga. Akasema, "Kofia? Basi njoo uone mwenyewe, dada, jiwe likishachongwa halifutiki." Nikaona hapa pana namna, huyu ananitoa dukani ili mdogo wake apite apekue (mnacheka, ila ndivyo nilivyofikiri, tena kwa kujiamini kabisa). Nikamjibu vibaya. Na mengine niliyoyasema kwenye simu ile nitayafikia, maana hayakubaki kwenye simu.

Jiwe lilipokuwa tayari likaletwa limefungwa maboksi na magodoro chakavu lisipasuke. Nikachungulia upande wa juu tu, nikaona msalaba umekaa sawa, jina limekaa sawa, nikarudishia. Nilimwuliza mzee kama angependa kuliona kabla. Akasema hapana, moyo hauwezi mara mbili, ataliona siku hiyo pamoja na wanawe. "Nimekuachia wewe, mwanangu," akasema.

Siku ikafika. Mimi nikavaa baibui langu jipya nikasimama karibu na mbele, na kwa kweli kilichonisogeza mbele ni kutaka kusifiwa. Mchungaji yupo, kwaya ipo, watoto wa marehemu wapo, majirani wa Shangani tupo, Waislamu kwa Wakristo. Na ndugu wa mke wamekuja kutoka Mbeya, wakiongozwa na mdogo wake marehemu, Bwana Gwamaka, amevaa suti nyeusi kwenye joto lile, kiti alichopewa hakukikalia. Alikuwa akilizunguka kaburi kama mnunuzi anayekagua magunia ya korosho aliyoambiwa ni daraja la kwanza.

Kitambaa kikavutwa. Juu msalaba, jina, tarehe. Chini yake, kwa herufi zilizochongwa zikatiwa rangi ya dhahabu: xai=re fi/lh.

Kwaya iliendelea kidogo, halafu sauti zikaanza kupungua moja moja. Mjukuu wa marehemu, binti wa shule ya msingi, akasoma kwa sauti kama watoto wanavyosoma kila kitu, "Iksi a i sawasawa na re." Nyuma yangu nikasikia mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Frimasoni," na mnalijua neno hilo, likishatoka kinywani kwa mmoja linakuwa la wote.

Bwana Gwamaka akauliza, "Hii ni hesabu ya nini kwenye kaburi la dada yangu?"

Mzee alikuwa ameinama, anavua miwani, anavaa, anavua. Akasema, "Siyo haya."

"Siyo haya vipi, na jiwe umeagiza wewe? Ndiyo maana ulimng'ang'ania abaki huku mbali na macho yetu. Sasa mimi sibishani na wewe, shemeji. Kesho naanza kufuatilia vibali. Dada anarudi nyumbani."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiangalia. Lakini mdomo wangu huu, nikatoka mbele nikasema mzee hana kosa, kazi imetoka dukani kwangu nzuri kabisa na yeye mwenyewe aliiona, aliyeiharibu ni huyu hapa, nikamwonyesha kidole Fundi Dadi, ambaye maskini alikuwa amekuja kulisimika jiwe na bado ana mwiko wa saruji mkononi. Nikasema ana wivu na duka langu, amefanya makusudi.

Fundi Dadi akaweka mwiko chini, akajifuta mkono kwenye suruali. "Dada, nilikupigia simu nikakuuliza."

Nikasema hakunipigia. (Msiniulize kwa nini. Nilishafika mahali pa kutorudi nyuma.)

Akatoa simu. Kumbe simu yake inarekodi kila anayeongea naye, kwa sababu wateja wakiona jiwe wanakana walichoagiza. Akabonyeza, akainyanyua juu, na sauti yangu ikatoka hapo makaburini, kali, inajiamini: "Hivyo hivyo, iksi, a, i, sawasawa, wewe chonga, usinichunguzie wateja wangu." Ningeshukuru ingeishia hapo. Ikaendelea. "Na huyo mzee mwenyewe simwelewielewi. Lugha gani haisemwi na mtu? Mimi vitu vyake nimeshavifuta kwenye kompyuta yangu, na wewe ukimaliza ufute."

Nilitamani ardhi ipasuke, na mahali penyewe palikuwa panafaa. Mzee akanigeukia. "Uliifuta fonti?" Hakupandisha sauti. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akafumba macho, halafu akawaeleza watu kama yuko darasani, kwamba humo ndani kilichohifadhiwa ni herufi za kawaida tu, fonti ndiyo inayozivisha sura ya Kigiriki, na ukiiondoa zinabaki vile vile zilivyobonyezwa, na alama zake zote. Fundi kachonga alichopewa.

Bwana Gwamaka akasema, "Hata mchapaji wako mwenyewe anakushuku. Sisi tufanyeje?"

Neno hilo liliniuma kuliko kicheko cha mtu yeyote. Mzee wa watu alikuja dukani kwangu na msiba wake, akaniita mwanangu, na mimi ndiye niliyewapa shemeji zake sababu ya kumchukua mke wake.

Mzee akamgeukia Fundi Dadi. Akaomba penseli ya fundi, akapiga magoti pembeni ya kaburi palipokuwa na saruji mbichi, akaandika taratibu, herufi kwa herufi, χαῖρε φίλη. Akasema, "Hili la kwanza wanasema khaire. Wagiriki wa kale waliagana hivyo, na waliliandika kwenye makaburi yao. La pili ni mpenzi. Mimi chuoni nilikuwa wa mwisho darasani kwa Kigiriki. Tusekile ndiye alikuwa wa kwanza, ndiye aliyenifundisha. Sikupata neno lingine la kumuaga nalo."

Bwana Gwamaka akaisogelea ile saruji akaitazama. "Khaire," akasema. "Alikuwa akimaliza simu zake zote na hilo. Nilidhani ni Kimakonde, amejifunza huku."

Mmakonde mmoja nyuma akasema, "Sisi hatuna," na watu wakacheka kidogo, na binti wa marehemu akaanza kulia, na Bwana Gwamaka akaenda kukalia kile kiti alichokikataa. Ila hakusema ndiyo. Alisema lichongwe jiwe lingine, na yeye Mtwara haondoki mpaka alione.

Basi wakaja dukani wote wawili, mtu na shemeji yake, wakavuta viti wakakaa nyuma yangu, mmoja kila bega. Safari hii hakuna fonti ya kuingiza. Binti wa mzee alikuwa amemwandikia njia ya siku hizi, kwamba kila herufi ina namba yake inayojulikana kwenye kompyuta zote. Mzee anasoma, "Sifuri, tatu, C, saba," mimi nachapa 03C7, nabonyeza Alt na X, na namba inageuka kuwa χ. Ile yota, yaani i yao, yenye kofia ina namba yake peke yake, 1FD6, na kofia imeshonewa humo humo. Jasho lilinitoka. Nikigusa kitu chochote, Bwana Gwamaka anauliza, "Hapo umebonyeza nini?" Tulipomaliza mzee akasema, "Zima. Washa. Fungua tena." Nikafanya. Maandishi yapo. Bwana Gwamaka akasema nimtumie kwenye simu yake. Nikatuma, akaifungua, akaisogeza simu karibu na skrini yangu, akalinganisha herufi moja moja. Kushukiwa nako kunauma, jamani, sikuwa najua.

Kwa Fundi Dadi wakanisindikiza. Nikamwambia nataka kumwomba radhi mbele ya wazee hawa. Akaniuliza, "Nirekodi?" Nikamwambia rekodi.

Jiwe la pili lilipowekwa hapakuwa na kwaya wala hotuba, tulikuwa watu wachache tu. Bwana Gwamaka alipitisha kidole juu ya zile herufi zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, akasimama. "Shemeji," akasema, "akae." Mzee akashika ukingo wa jiwe akalia kwa sauti, na shemeji yake akamshika mkono.

Kushuku sijaacha, nisiwadanganye, na yule mdogo wake Fundi Dadi bado namwangalia. Ila kitu cha mtu sikifuti tena kabla sijamwuliza, na fundi akiniambia njoo uone, nafunga duka naenda.