Mbao za Upenu wa Bi Mwaisha

Nyumba ya Mzee Thabiti, pale Mikindani, ilikuwa ya mawe na bati. Chini ya upenu palizibwa kwa mbao, popo na mvua visiingie darini. Mbao zile zilikuwa zimeoza. Mkewe, Bi Mwaisha, kila akifagia baraza aliinua ufagio akaonyesha juu.

"Bwana, upenu unatuchungulia."

"Nimesikia."

Siku moja Thabiti akanunua mbao za mninga, zilizovushwa mto Ruvuma kutoka ng'ambo kwa mtumbwi pale Kilambo. Akazisukuma uvunguni mwa kitanda. Mwaisha akauliza, lini? Thabiti akasema, "Bado mbichi." Masika yakaja, yakapita. "Bado mbichi." Kule bandarini, alikopakua shehena, walimsifu kwa nguvu zake. Nyumbani nguvu zile hazikufika. Ziliishia kule, na jioni kwenye soga za mabaraza ya watu.

Mwaisha akafa kwa homa, juu ya kitanda kile kile. Kaburi likachimbwa, wazee wakauliza viunza, zile mbao za kumfunika maiti mchanga usimwangukie. Vita vilikuwa vimeanza ng'ambo ya mto, mbao hazivuki tena. Jirani yao, Muhidini, akakumbuka.

"Si zipo zile za uvunguni?"

Zikavutwa. Mkata mbao akazigonga kwa kidole, akazikata kwa kimo cha marehemu.

"Zimekauka hizi," akasema. "Zimekauka zamani."

Thabiti akazibeba hadi makaburini; mbili zikazidi, zikarudi.

Arobaini ikakaribia. Mwanakombo, mdogo wa marehemu, akaja kutoka Msimbati kupika chakula cha khitma. Alipotua mzigo tu, akatazama juu.

"Shemeji, hii nyumba au pango la popo?"

"Fundi anakuja kesho."

"Kesho ya watu, au kesho yako?"

Shemeji humtania shemeji, ndiyo ada. Thabiti hakucheka. Alitaka jambo moja tu: wasomaji wa khitma wakae barazani chini ya upenu mzima. Mwaisha alikuwa akiona haya, wageni wakiinua macho. Hilo moja ampe, japo hayupo wa kupokea.

Fundi Mikaeli, Mmakonde aliyekimbia vita vya ng'ambo, alifika asubuhi na mbao chache za kuokoteza. Akang'oa zilizooza, vumbi na mavi ya popo vikawamwagikia. Thabiti akawa anainua ubao kwa viganja, fundi anapiga misumari. Jua halijafika utosini, kikabaki kipande juu ya dirisha la chumbani.

"Kumbe ni kazi ya asubuhi moja," Thabiti akasema.

"Ulidhani ni ya mwaka, mzee?"

Thabiti akakaa chini. Asubuhi moja. Na yeye alikuwa nazo asubuhi ngapi, mwanamke yu hai, ufagio mkononi?

"Mbao zimekwisha," Mikaeli akasema. "Huna nyingine?"

Alikuwa nazo mbili. Zilizobaki za viunza, zimeegemezwa nyuma ya choo, hakuna aliyezigusa tangu siku ile. Muhidini, aliyekuja kutazama kazi, akaruka.

"Hizo zimekwenda makaburini zikarudi! Ukizipigilia nyumbani unamwita mwingine. Nani atakaa chini yake?"

Mwanakombo akatoka jikoni, machicha ya nazi vidoleni. "Zilinunuliwa za nini?"

"Za upenu," Thabiti akasema.

"Basi. Msimbati kote wanazijua. Dada akija kwetu hakuwa na hadithi nyingine. Mume wangu amenunua mbao, mume wangu amenunua mbao."

Thabiti alitazamia kusikia kwamba Mwaisha alimsema kwa watu. Kusemwa angekuvumilia, si kusifiwa. Akasimama, akaenda nyuma ya choo, akazileta mwenyewe.

"Pigilia."

Siku ya khitma watu walijibana upande mmoja wa baraza kama dagaa kapuni. Chini ya dirisha la chumbani pakabaki patupu. Thabiti akaenda akakaa pale. Hakuna aliyemfuata. Wakasoma, wakamaliza, wakaitikia dua, yeye yu peke yake kwenye jamvi.

Mwanakombo akatokeza mlangoni na sinia la wali, akaliweka mbele ya shemeji yake.

"Muhidini, sogea ule. Au unaogopa ubao kuliko njaa?"

Watu wakacheka. Muhidini akasogea kwa kujivuta, jicho moja juu. Wengine wakamfuata. Muhidini akazitazama mbao tena, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi hii. Mwaisha angefurahi."

Thabiti alikuwa amemega tonge. Halikufika kinywani. Akalirudisha kwenye sinia, upande wake.

"Kuleni nyie," akasema, wala hakutazama juu.