Kitufe Kisicho na Picha

Mkahawa wa Kijapani ulio karibu na kazini kwetu, katika mji wa Sterling huku ughaibuni, hauna mhudumu wa kumwagiza chakula. Mlangoni kuna mashine yenye vitufe na picha za mabakuli ya tambi. Unabonyeza, inatema tiketi, unampa mpishi, unakaa.

Mara ya kwanza nilimwachia mwenzangu anibonyezee. Ni Mkenya, tunavuta nyaya pamoja kwenye majengo yaliyojaa kompyuta. Nilishamwambia mimi Mwislamu, nguruwe sili. Akachagua bakuli lenye picha ya kuku. Nililimaliza, nikamuuliza mpishi siri ya supu yake, maana mimi huuliza kila kitu. Akajibu kwa fahari: mifupa ya nguruwe, huchemka kutwa nzima.

Mwenzangu alicheka. "Buda, si hukujua? Mungu ataelewa."

Ya Mungu nilimwachia Mungu. Yangu ilikuwa moja: hakuna tena atakayeniamulia kinachoingia tumboni mwangu.

Wiki iliyofuata ningeweza kula mkate wangu garini. Sikutaka. Nilikwenda nikasimama mwenyewe mbele ya mashine, foleni nyuma yangu, na nusu saa yetu ya chakula ikiyoyoma.

"Leta nikubonyezee, tunachelewa," mwenzangu akasema.

"Usiguse."

Kwetu Tanga, hata sufuria likiwa wazi na maharage unayaona, hukai kwa mama ntilie bila kuuliza, "Leo kuna nini, mama?" Naye atakujibu. Mashine haiulizwi. Basi nikamuuliza mwenye mikono. Nikapaza sauti juu ya vichwa vya walaji: supu isiyo na nguruwe ni ipi?

Mpishi akanyoosha mwiko kuelekea mashine. Nikauliza tena. Nyuma yangu mtu akaguna.

"Wee, unatuaibisha," mwenzangu akaninong'oneza. "Watadhani hatujui kusoma."

"Mimi shule niliiacha darasa la sita. Kuuliza sikuacha. Wewe uliyemaliza, wiki ile ulisoma nini?"

Akasogea pembeni ya foleni.

Mpishi akatoka jikoni akipangusa mikono. Akainama, akagusa kitufe cha chini kabisa, kisicho na picha. Akasema ni supu ya uyoga na mwani.

"Mifupa?"

"Hakuna."

"Mafuta?"

Akafikiri. Akasema yanayotiwa juu ya supu huwa ya nguruwe, lakini atanitilia ya ufuta.

"Na sufuria?"

Hapo akacheka. "Supu hii ina sufuria lake, peke yake."

Nikabonyeza. Tiketi nikampa mkononi palepale, nikakaa. Supu ilikuwa nyeusi, yenye chumvi, inanukia kama mawe ya ufukweni maji yakitoka. Niliinua bakuli kwa mikono miwili nikalimaliza, sikuharakishwa na mtu.

Mwenzangu alikuwa amesimama, anatazama saa. "Kesho tunakula baga, buda. Hapa sirudi na wewe."

"Kesho nakula hapahapa," nikamwambia. "Ukija, panga foleni nyuma yangu."