Kanda ya Upande wa Wanawake

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wa Garissa walivuka daraja la Tana wakaenda Nairobi, wengine wakafika Jidda na Toronto. Mimi nilipomaliza kidato cha nne nilihama kutoka chumba cha mama hadi sebuleni, nikaona safari imetosha. Kaka yangu alikuwa na ukumbi wa video sokoni. Deki yake ya zamani aliitupa nyumbani kwa sababu ilikuwa inatafuna kanda. Nikakaa nayo, tukazoeana, ikaacha kutafuna. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha fundi bila kutoka nje ya lango.

Kazi nayo ilinifuata ndani. Harusi zetu zina pande mbili. Wanaume wanakula mbuzi, wanashuhudia nikahi, wanakwenda zao. Wanawake wanajifungia, wanavua mabuibui, wanapiga ngoma na kucheza buraanbur, mashairi ya kumsifu bibi harusi na watu wake. Kanda ya upande huo haiwezi kwenda sokoni kwa kaka. Mwanamume hapaswi hata kulitazama ganda lake kwa muda mrefu. Ilikuwa lazima ije kwangu.

Ninayoikumbuka zaidi ni ya binti wa mama mkubwa. Mama huyo alikimbia vita Somalia, akakaa kambini Dadaab, kisha akapelekwa Kanada na watoto wake wadogo. Binti mkubwa akabaki kwetu, akaposwa, na siku ya harusi ikafika mama yuko kwenye theluji. Alituma kamera ndogo pamoja na ombi moja tu. Siku ya saba wanawake humfunga bibi harusi shaash, kitambaa cha kichwa cha mke wa mtu, na wa kwanza kukifunga ni mama yake. Alitaka kuona hapo. Mengine yote, alisema, anaweza kuyabuni mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa mdogo wa mama, yaani habaryar. Alipiga picha za miguu, za dari, na kwa muda mrefu sana za mkeka, akidhani amezima. Baadaye akaniletea kikanda kinachoenea kiganjani.

“Haya, fundi, kiingize.”

“Habaryar, hakiingii. Deki inataka kanda kubwa.”

Akakigeuza mkononi. “Kweli. Hiki kimezaliwa kabla ya miezi yake.”

Kwa hiyo ikabidi kuhamisha: kamera icheze, waya zipeleke, deki inakili kwenye kanda kubwa. Nilipounganisha, picha ikawa inapanda juu bila kusimama, kama mbuzi wanaopakiwa kwenye lori. Kamera ilikuwa ya Kanada, na huko televisheni zao zinasoma picha kwa mpango mwingine, si huu wetu. Nilihangaika asubuhi nzima, na ninapohangaika mimi huanza kufuta vumbi. Kwa kufuta vumbi nikagusa kiswichi nyuma ya deki ambacho sikuwahi kujua kazi yake. Mbuzi wakatulia. Rangi hazikuja, lakini wanawake wa Garissa walisimama wima, weusi na weupe, wakicheza. Habaryar alinitazama kwa heshima ambayo sikuistahili, nami nikaipokea.

Siku ya pili jirani yetu akaja, mama wa makamo, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Tuliongea Kisomali, hapa nakiandika kwa Kiswahili changu cha darasani.

“Naa, nasikia niko humo ndani.”

“Uko, eedo,” nikamwita shangazi kwa heshima.

“Nacheza?”

“Unacheza sana.”

“Nitoe.”

“Nikutoe vipi? Umesimama mbele ya kamera tangu mwanzo.”

“Basi nitoe tangu mwanzo.” Akakaa. “Ila kwanza nionyeshe.”

Nikamwonyesha. Akaomba arudishiwe. Alipotosheka akajifunga buibui vizuri, akasema, “Kumbe bado naweza. Nitoe.”

Sikumcheka, au nilimcheka kidogo tu. Kanda ikifika Toronto haikai kwa mama mmoja. Inaangaliwa sebuleni, wavulana wanapita, mtu anaiazima, mwingine anainakili, na mwaka unaofuata mume wako anaiona Eastleigh, Nairobi, kwenye duka la binamu yake. Wanawake walicheza kwa sababu mlango ulifungwa. Mimi na waya zangu tulikuwa mlango wenyewe.

Wakaja wengine. Namna ya kumtoa mtu ilikuwa hii: kamera inacheza, deki inanakili, na mtu aliyekataa akitokea nabonyeza kusimamisha, akipita naachia. Lakini deki ile ilikuwa na uzembe wake. Ukiiachia hurudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, ikafuta nusu ya kitu ulichotaka. Kwa hiyo kila aliyetoka aliondoka na kipande cha jirani yake. Hatimaye nikamwonyesha habaryar kazi yangu: birika, sinia la sambusa, halwa, kibuyu cha maziwa ya ngamia, chupa ya chai, tena chupa ya chai.

Akatazama hadi mwisho. “Dada yangu atadhani tumemwozesha binti yake kwa thermosi.”

“Shaash ipo, habaryar. Ile sijaigusa.”

Hapo ndipo mama mkwe wa bibi harusi alipokuja. Alikuwa mtaratibu, tena wa haki. Laiti angekuwa mkali, ningepata la kumsema. Alikunywa chai yake akamaliza, kisha akasema kwamba hata yeye ana binti London na anajua kiu ya kuona. “Lakini shaash inaanza kufungwa nywele zikiwa wazi,” akasema. “Na yule sasa ni mke wa mwanangu.”

Habaryar akamjibu, “Mama yake ameomba hilo moja tu.”

“Na mimi nakataa hilo moja tu.”

Wote wawili wakanitazama mimi, kana kwamba kidato cha nne kilifundisha jambo hilo. Nikainuka nijifanye nakagua waya, maana kwangu kukagua waya ni ndugu wa kufuta vumbi. Wa njano ukachomoka. Picha ikatoweka, sauti ikabaki: ngoma, beti za buraanbur, vigelegele, na bibi harusi akicheka katikati yao. Nilitaka kuurudisha upesi, lakini mama mkwe akainua mkono. Tulisikiliza.

“Hiyo,” akasema, “mpelekee.”

“Bila picha atadhani televisheni imekufa,” habaryar akasema.

Tukamwita bibi harusi mwenyewe, kwa kuwa hadi hapo hakuna aliyemuuliza. Alikaa mkekani na shaash yake kichwani, akafikiri, halafu akanyoosha mikono yake yenye hina. “Piga hii. Mama anaijua.” Mama mkwe hakukataa, mikono ile hata sokoni inaonekana. Nikatia kikanda kipya kwenye kamera, nikaipiga picha huku sauti ya harusi ikicheza kwenye deki, na vidole vikaanza kufuata ngoma bila yeye kujua. Kisha nikaihamishia kanda kubwa, nikaazima deki ya kaka: mikono ikatoka kwenye deki hiyo kwa waya wa njano, sauti ikatoka kwenye kamera kwa waya mweupe, vikakutana kwenye kanda moja. Msafiri akaibeba.

Mama mkubwa alituma habari kwamba atapiga simu kwenye duka moja karibu na soko. Nikatoka nyumbani, jambo ambalo mama yangu alilitangaza kwa majirani. Bibi harusi aliushika mkono wa simu katikati ya masikio yetu mawili. Sauti ya mama yake ilikuja kwa kuchelewa, kama inatembea kwa miguu.

Alisema vidole vimenenepa, alhamdulillahi. Alisema anaiwasha akiwa anapika, halafu anaacha kupika. Kisha akauliza, “Huyo fundi wenu yupo?”

“Yupo hapa, hooyo.”

“Mwambie amekata. Kuna mahali ngoma zinakwisha na hakuna kitu. Naongeza sauti, hakuna kitu. Niliomba kipande hicho kimoja, asikiguse.”

Nilifungua kinywa nijitetee. Sikuwa nimekata. Habaryar alikuwa ameiweka kamera juu ya sanduku, ikiwaka, akaenda kukaa mahali pa dada yake, akakishika kitambaa. Na wale wanawake wote, hata jirani yetu yule mzito wa maneno, walinyamaza, kwa sababu walijua pale panatakiwa kukaa nani.

Bibi harusi akanitangulia.

“Hajakata, hooyo,” akasema. “Hapo ndipo walipokuwa wananifunga.”

Simu ilikuwa ya kuchelewa, kwa hiyo tulingoja. Tulingoja hata baada ya muda wa kuchelewa kupita. Mwenye duka akatutazama, akadhani laini imekatika, akanyoosha mkono aichukue simu yake. Bibi harusi akatikisa kichwa, akaibana zaidi sikioni.