Mfululizo Niliompa Binti wa Jirani

Juzi, msichana mmoja wa kikundi chetu cha wasomaji hapa Likasi aliniuliza, "Mama, minye naweza soma seri gani ya fantasia?" Wenzake walikuwa wameshataja mifululizo yao, ya mazimwi na ya vyombo vya angani. Nilimjibu sijui. Nilidanganya, ndugu yangu, na wewe nitakueleza kwa nini.

Nilikulia mtaa wa Panda, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ambako king'ora cha asubuhi kilitukuta tayari bombani na ndoo zetu. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa na vitabu sita vya mfululizo mmoja, habari za mtoto aliyejifunza uchawi ili auokoe mji wake uliozama. Aliniazima kimoja kimoja. Nilivisoma jikoni sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikichemka, na mara mbili niliiunguza, mama akanichapa.

Binti wa jirani hakupenda hadithi, alipenda hesabu. Nilimsihi wiki nzima. "Weye soma tu ya kwanza." Aliposoma, alikuja mbio kuomba cha pili.

Alikuwa katikati ya cha tatu mdogo wake aliposhikwa na homa akafa. Mama yake wa kambo alikikuta kitabu chini ya godoro, na kwenye jalada mtoto ameshika moto mkononi. Akasema binti ni mchawi, ndiye aliyemuua mdogo wake, na watu wa maombi wakaitwa. Nikiwa nje ya dirisha niliwasikia wakimuuliza, "Ni nani alikupatia hii kitabu?"

"Niliokota mu njia," akasema. Alikuwa ameniona.

Walimfungia, wakamnyima chakula. Siku mbili nilizunguka uani na bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwenye kitambaa, nikiogopa kugonga. Siku ya tatu nilimwendea mwalimu, tukaja pamoja.

"Mama, kitabu ni ya minye," nilisema. "Minye njo nilimupatia."

"Hayuko tena," alijibu yule mama. "Baba yake alimupandisha treni asubui."

Mwalimu aliuliza treni ya wapi. Mlango ulifungwa.

Nimeulizia Kamina, nimeulizia Kolwezi, makanisani na stesheni. Hakuna anayemjua. Mwalimu tulishamzika, na jirani zetu wa zamani wametawanyika. Nimebaki mimi ninayemtafuta, na hata nikimpata, sijui nitaanza na neno gani.