Walimpa mlezi sehemu ya heshima, kumbe wamempa kampuni

Saa mbili asubuhi jua la Lituhi limeshaanza kuuma, na Ottilia Kinunda amevaa sweta.

Ni sweta zito la rangi ya damu ya mzee, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Anageuza usipa juu ya chanja huku jasho linamshuka mpaka kwenye viwiko. Wenzake wanamcheka bila kujificha.

"Mama Sixbert, leo unajianika na wewe?" anauliza Lidia, anayegeuza usipa kwenye chanja ya jirani.

"Cheka tu," anajibu Ottilia, mikono yake haisimami. "Saa nne tunaondoka na gari la Mbinga. Huko wenzako wanalala na blanketi mbili. Nikilitia sweta kwenye mfuko nitalisahau, kama tulivyosahau kuzisoma zile karatasi."

Kicheko kinakatika hapo hapo. Kwa wiki tatu sasa, ukitaka wanawake hawa wanyamaze, taja karatasi.

Ottilia ana miaka hamsini na minne na amekausha usipa tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Usipa ni wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wembamba kuliko kidole cha mtoto. Unafika ufukweni asubuhi ukiwa bado unang'aa, na jioni unatakiwa uwe umekauka kiasi cha kulia ukiutikisa.

"Hauna subira," anasema. "Ukichelewa kuugeuza unashika kwenye wavu. Ukiwahi unavunjika vichwa, na mteja hataki usipa usio na kichwa, ingawa mwenyewe vichwa havili."

Mwaka 2016 yeye na wanawake wengine saba, kila mmoja akiwa na chanja yake moja, waliamua kuuza pamoja. Wakajiita Chanja Nane. Leo chanja zimefika ishirini na sita. Wana kiwanja juu ya ufukwe, ghala lenye sakafu ya saruji, na mifuko yenye jina lao inayofika Songea. Msimu ukiwa mzuri, kila mama anaondoka na laki mbili na zaidi kidogo kwa mwezi. Mvua zikishika, anapata elfu hamsini, na mafua juu.

Miaka miwili iliyopita waliandikisha kampuni, kwa kuwa maduka makubwa hayanunui kwa mtu asiyetoa risiti inayoeleweka. Hawakwenda kwa wakili. Walikwenda kwenye duka moja linalotoa fotokopi, linalopiga picha za pasipoti na linalojaza fomu za mtandaoni, yote kwenye meza moja.

"Wakili tulijua ni wa kesi," anasema Ottilia. "Ukionekana unatoka kwa wakili, kufika nyumbani unakuta watu wanauliza umemfanya nani, au nani kakufanya nini."

Mwenye duka aliwauliza hisa mia moja zigawanywe vipi. Hilo swali halikuwapa shida hata kidogo. Huku, nyama ya sikukuu ikigawanywa, anaanza mkubwa, na sehemu yake haipimwi kwa jicho la choyo. Kila kikundi kina mlezi wake, mtu mzima wa kuheshimika anayefungua vikao kwa sala na kuwapatanisha wanaonuniana. Mlezi wa Chanja Nane ni Mzee Kilian Hyera, miaka themanini na moja, katekista mstaafu.

Basi wakampa Baba Mlezi sitini. Zile arobaini wakagawana wao, tano tano. Zikatoka bila baki, na wote wakaona huo ni ugawaji wenye adabu.

"Mwenye duka mwenyewe alisema vizuri sana, mama zangu, mmelelewa," anakumbuka Lidia. "Akachapa."

Karatasi ziliwekwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikafungiwa ghalani. Zingekuwa humo mpaka leo kama si mnunuzi mmoja wa Makambako kutaka mkataba wa mwaka mzima. Alidai nakala za kampuni, akawashauri na wao wamtafute wakili wa kusoma mkataba wake kabla hawajasaini. Wanawake walishuku. Mtu anayekuambia umchunguze, waliona lazima ana jambo.

Ndipo Ottilia akapanda Mbinga, akaingia kwenye ofisi ya Rukaiya Masoudi, wakili wa miaka thelathini na mitatu. Baba yake ana duka la vitambaa mjini hapo, na babu yake alitokea Kilwa. Rukaiya alimwamkia shikamoo, akamtilia chai, akaomba bahasha. Mkataba aliusogeza pembeni, akaanza na karatasi za kampuni.

"Kampuni hii ni ya nani, mama?"

"Yetu. Wanane."

"Na Kilian Hyera?"

"Huyo ni mlezi wetu. Anatufungulia kikao kwa sala."

Rukaiya aliweka kalamu chini.

"Mama, huyu ndiye mwenye kampuni. Nyinyi wanane mkiungana wote, mna kura arobaini. Yeye akiwa peke yake, kitandani kwake, ana sitini. Akitaka, anawatoa wote kwenye uongozi kwa kikao kimoja."

"Hawezi. Ni mtu wa Mungu."

"Sijasema atafanya. Ana umri gani?"

Ottilia akataja. Rukaiya akauliza afya yake. Ottilia akasema mzee alianguka karibu na Pasaka, akalala hospitali wiki mbili. Rukaiya akauliza watoto.

"Tisa. Na kwa kuwa ni katekista, tisa ni tisa."

"Akifariki kesho, hisa sitini zinaingia kwenye mirathi, pamoja na shamba lake na baiskeli yake. Ghala, kiwanja, jina lenu kwenye mifuko, vyote vinakuwa chini ya watoto tisa ambao hamjui wanakaa wapi."

Wakili anasema amewahi kuona karatasi mbovu nyingi, za ndugu waliodhulumiana na washirika waliotoroka. Hii ilimshtua kwa sababu hakukuwa na mwizi.

"Nilitafuta aliyewadhulumu," anasema Rukaiya. "Sikumpata. Walijidhulumu wenyewe, kwa adabu."

Ottilia hakumbuki alivyofika stendi. Anachokumbuka ni kwamba chai hakuimaliza, na kwake kuacha chai yenye sukari si jambo la kawaida. Ghalani aliwaeleza wenzake. Mmoja alikaa juu ya gunia la usipa mkavu, gunia likalia chini yake, na hakuinuka.

Kazi ikawa moja: nani atamwambia mzee? Kitu alichopewa mtu mzima hakidaiwi tena. Ni aibu inayomfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Walipiga kura kwa vijiti, Ottilia akaangukiwa, akamburuta Lidia. Walikwenda na kuku.

Waliongea habari za mvua, wakaongea habari za mihogo, wakaongea habari za paroko mpya. Saa nzima ikapita. Mzee Kilian ndiye aliyechoka.

"Mmekuja na kuku," alisema. "Mara ya mwisho mlikuja na kuku mlipotaka niwaombee saruji. Semeni, kuku mwenyewe amechoka kushikwa."

Ottilia akasema. Alieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mzee alidhani anaambiwa habari za mtu mwingine.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ile namba ya kitambulisho mliyoichukua, mimi nilijua ni ya mahudhurio."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo miaka miwili mimi ni bosi wenu."

"Ndiyo, baba."

"Na usipa mnaniletea kwenye kisahani cha chai."

Lidia anasema hapo hakujua acheke au apige magoti. Mzee alikubali kuzirudisha siku hiyo hiyo, akauliza kalamu iko wapi. Kalamu ya Chanja Nane haikutosha. Kuna fomu, kuna ada za serikali, kuna wakili, na wakili yuko Mbinga.

Kabla siku haijapangwa, habari ilifika Songea. Rodrick, mtoto wa tatu wa mzee, anauza vipuri vya pikipiki huko. Alipiga simu kusema baba asisaini kitu mpaka yeye afike. Jumamosi akafika. Akawaamkia wakubwa wote, mmoja mmoja, kwa heshima kabisa. Kisha akalipima ghala kwa hatua zake: ishirini na mbili kwa kumi na nne.

Wanawake walibaki wamesimama na mabeseni vichwani, wakamtazama anavyohesabu. Siku hiyo chanja mbili hazikugeuzwa, na usipa wake ulitupwa.

"Ndiyo siku niliyoogopa," anasema Ottilia. "Kwa wakili nilishtuka. Hapa niliona kwa macho. Nilimwona mtu anapiga hatua ndani ya miaka yangu."

Ndiyo maana leo ana sweta.

Gari linachukua zaidi ya saa tatu kupanda. Mzee Kilian amekaa mbele kwa dereva, amevaa koti la siku ya Kipaimara. Ottilia na Lidia wako nyuma. Rodrick yuko katikati yao, amebanwa, na hakuna anayemsogelea wala kumkwepa. Kadiri milima inavyokaribia, Ottilia anaonekana mwenye akili kuliko wote garini. Lidia anaanza kutetemeka na kuliangalia sweta.

"Unajianika na wewe," Ottilia anamkumbusha.

Ofisini, Rukaiya anawatoa wote nje, anabaki na mzee peke yake. Mlango haukufungika vizuri, kwa hiyo waliokaa kwenye benchi wanasikia, na hakuna anayejifanya hasikii.

"Mzee, mimi ni wakili wa kampuni, si wakili wako. Una haki ya kumleta wako."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kukushauri. Pengine akuzuie."

"Anizuie nisirudishe kitu ambacho si changu? Na nimlipe?"

"Ni haki yako, mzee."

"Haki nyingine ni za ajabu," mzee anasema. "Waite waingie."

Wanaingia. Rukaiya anasoma kila ukurasa kwa sauti. Anafika mahali penye kizuizi ambacho hata yeye kilimsumbua usiku: sitini kwa wanane haigawanyiki. Kila mama akipata saba, zinabaki nne.

Ottilia, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiogopa hatua ya kumnyang'anya mzee kila kitu, kama kumvua nguo, anaona pa kupitia.

"Zibaki kwa Baba Mlezi," anasema. "Mkubwa hatoki mikono mitupu."

Rukaiya anaongeza kifungu: siku mzee atakapoondoka duniani, wenye kampuni watakuwa na haki ya kwanza ya kuzinunua hizo nne, kwa bei ya haki, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nne kwa watoto tisa," Rodrick anaanza, anaangalia vidole, kisha anaviacha.

Mzee anashika kalamu. Rodrick anamgusa mkono. "Baba, tungoje kidogo. Tuzungumze nyumbani kwanza."

"Rodrick, wewe umewahi kugeuza usipa?"

"Hapana, baba."

"Hata chanja moja?"

"Hapana."

"Hata mimi," anasema Mzee Kilian. Anaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akiandika majina ya watoto kwenye kitabu cha ubatizo. Kisha anamgeukia Lidia na kumuuliza kama sasa, akiwa si bosi tena, kile kisahani kitaongezeka au kitapungua.

Kazi ya Rukaiya imewagharimu laki tatu na nusu, mbali na ada za serikali. Ottilia anasema waliipata kwa shida, na siku ile Rodrick alipopima ghala angeuza hata sweta ili ipatikane. Wamekubaliana naye awe wakili wao, kwa kiasi kidogo kila mwezi, na hakuna karatasi itakayosainiwa kabla hajaisoma. Ule mkataba wa Makambako bado uko mezani kwake. Ameshaweka alama ya kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa tano, na Chanja Nane hawajauliza ni ya nini, wanangoja kukaa chini kwanza.

Mpango wa Ottilia sasa ni kumteremsha Rukaiya mpaka Lituhi, siku moja tu, akae ghalani na kusoma bahasha za kila mwenye bahasha. Nauli na chakula watatoa wao.

"Wengine wataona aibu kupanda kwake," anasema. "Hapa watajifanya wamekuja kununua usipa."

Jumamosi amerudi kwenye chanja, bila sweta. Umbali wa kutupa jiwe, kikundi kingine cha akina mama kinaanika usipa wake. Kampuni yao ni ya mwaka jana. Ottilia anakwenda kwao na beseni mkononi, anasalimia, anauliza habari za watoto, anauliza habari za mvua. Mwisho anauliza mlezi wao ni nani.

Wanamtaja kwa fahari. Ni mzee anayefahamika, ana miaka themanini na sita.

"Na mlipoandikisha kampuni, mlimpa ngapi?"

"Themanini, dada," mmoja anajibu, anatabasamu. "Sisi hatukumbania."

Ottilia anaweka beseni chini.