Santuri za Mihayo

Sikusimulii niliyosikia kwa watu. Haya yalinikuta mimi, kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Ng'ambo ya Tabora, mchana kweupe, akili zangu timamu na mikono yangu imejaa chumvi ya karanga. Ukitaka kucheka, cheka. Mume wangu naye alicheka, siku ya kwanza.

Kwanza ujue kwamba nyumba hii ni ya amana. Enzi za misafara, wapagazi waliopita Tabora walimwachia babu yangu mizigo yao. Mtu anaweka mzigo, anakwenda zake, mzigo unamngoja. Akifia njiani, unawangoja ndugu zake. Chumba cha uani kilikuwa cha kazi hiyo tu, na babu hakukubali hata paka alale humo. Ndiyo maana Mihayo aliniletea mimi boksi lake.

Mihayo alikuwa kijana wa Goweko, mpiga gitaa na mwimbaji. Yeye na wenzake walikuwa na bendi, na muziki wao sijui nikuelezeje. Sisi miaka ile tulikuwa watu wa rumba na taarabu. Wao walipiga roki, gitaa linakwaruza na kunguruma mpaka meno yanauma. Nilikwenda kuwasikiliza mara moja ukumbini, nikatoka nimeziba masikio kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Basi wakajichanga, wakaenda Nairobi, wakarekodi santuri yao. Redioni haikupigwa, dukani haikununuliwa. Bendi ikavunjika, kila mtu akashika njia yake, na Mihayo akaja kwangu na boksi zima la santuri. Akasema anakwenda Usoke kulima tumbaku, atazifuata baadaye. Nikamwambia aende salama, hapa hakipotei kitu.

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Mwaka ukapita na ushei. Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na madukani ukitafuta sabuni hupati, ukitafuta bakuli ndiyo usahau kabisa. Mimi nilikuwa nauzia abiria wa treni karanga, na sina pa kuzitia. Jirani yangu akanionyesha ujanja: unachukua santuri mbovu, unaiweka juu ya sufuria iliyofudikizwa karibu na mkaa, inalegea kama chapati, unaikandamiza, inakuwa bakuli zuri jeusi. Santuri mbovu sikuwa nazo. Nilikuwa na za Mihayo.

Nikachukua moja. Nikajiambia, moja katika boksi zima, nani atajua? Abiria wakaipenda mno, wakawa wananunua karanga pamoja na bakuli lake. Unadhani niliishia kwenye moja? Nilimaliza boksi. Likabaki bakuli moja tu, lile nililolipenda mimi, nikawa naliweka barazani.

Sasa sikiliza. Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha ile ya kufunga barabara. Nikainua macho, Mihayo amekaa kwenye baraza yangu. Amekonda, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamkaribisha ndani. Akakataa, akasema hakai. Alitaka santuri moja tu, ampelekee mama yake, kwa sababu mama yake hajawahi kumsikia akiimba.

Niamini, ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko aibu yangu. Nikamdanganya kwamba chumba kimefungwa na ufunguo anao mume wangu, arudi kesho. Hakubisha. Alilivuta lile bakuli, akamwaga karanga taratibu kwenye mkeka, akapitisha ukucha kwenye mistari ya santuri. Bakuli likalia. Wallahi lililia. Gitaa lilelile la kukwaruza, na juu yake sauti yake: Mama nifungulie, si mnyama huyu, ni mimi na gitaa langu. Aliupitisha ukucha mpaka wimbo ukaisha, na safari hii sikuweza kuziba masikio, mikono haikuinuka. Kisha akanitazama.

"Dada, zote?" akaniuliza.

Nilitazama chini kwa haya, na hapo ndipo nilipoona kwamba alipokaa palikuwa pakavu, na nyayo zake hazikuacha tope. Nilipoinua kichwa, hayupo.

Kesho yake, treni ya kutoka Goweko ilimleta mama mmoja mtu mzima, Mmoraviani, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa mama yake Mihayo. Mwanawe alikuwa amekufa kwa homa huko Usoke, na matanga yalikuwa yameshaisha. Kabla hajakata roho aliwaambia kwamba sauti yake iko Ng'ambo, kwangu.

Nilimpa bakuli na nikamweleza yote. Sikujitetea, ningesema nini? Akapitisha ukucha wake kwenye mistari, mara ya kwanza, mara ya pili, akaliweka sikioni. Kimya. Nikajaribu mimi, kimya vilevile.

"Alikuwa anasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia maneno niliyoyasikia jana. Nilipofika kwenye lile neno nifungulie, alijifunika uso kwa kitenge. Aliniambia kwamba mwanawe alipokwenda nyumbani na gitaa mara ya kwanza, yeye aliukomea mlango, akamwacha nje mpaka asubuhi, kwa kudhani ameingiwa na shetani. Hilo alikuwa hajamwambia mtu.

"Niimbie," akasema. "Wote, kama alivyoimba."

Nikaimba. Mimi, mtu wa taarabu, nilinguruma gitaa kwa mdomo barazani kwangu, majirani wakichungulia madirishani. Bakuli akaniachia liwe amana, na kila mwaka baada ya mavuno ya tumbaku mama yule alikuja na treni, akakaa palepale, nikamwimbia. Hakunitukana hata siku moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Ameshakufa, siku nyingi. Juzi juzi alikuja kijana kutoka Dar anayetafuta santuri za bendi zilizosahaulika. Akasoma karatasi iliyobaki katikati ya bakuli, akataka kulinunua kwa bei yoyote. Nilimkatalia. Liko chumba cha uani, na humo paka halali.

Mvua ikinyesha alasiri, huwa nalisikia linalia kule ndani. Mume wangu husikia pia, na siku hizi hacheki. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu cha mtu ulichowekewa nyumbani kwako, hata kama hukipendi, hata kama unaona hakina maana, nenda leo kakitazame kama bado kipo. Mwenyewe akija kukiulizia ukute huna, utamwimbia nini?