Simu ya Baada ya Magharibi

Mama alipozidiwa kabisa, asiweze tena kunyanyuka kitandani, mdogo wangu alikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, fundi wa mitambo ya mawasiliano kwenye meli kuukuu ya mizigo. Intaneti ya mabaharia haikuwepo. Palikuwa na simu moja ya setilaiti, na nahodha aliwaruhusu kuitumia mtu akimaliza zamu. Zamu ya mdogo wangu iliisha jua likizama.

Saa hizo ndizo mama naye alikuwa anazinduka. Dawa za maumivu zilimlaza mchana kutwa. Ikifika magharibi anafumbua macho, anaomba maji, kisha anauliza kama mwanawe amepiga. Ilikuwa Ramadhani. Tukishafuturu, mama mdogo, ambaye alihamia kwetu Mwananyamala kumuuguza dada yake, anamlisha uji kwa kijiko, na mie nakaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi.

Simu ya kwanza ilipoingia nilisikia "dada" safi kabisa. Halafu sauti ikazama, ikaibuka, ikazama tena, ukabaki mvumo, na simu ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Nikatoka uani nikidhani ni mtandao wetu, lakini jirani alikuwa anaongea na ndugu zake wa Tanga bila shida. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Kesho yake nikaweka laini nyingine. Haikusaidia. Mama mdogo akasema labda tumebanwa na maghorofa, akataka niende na simu kwenye mwinuko wa Ubungo, kana kwamba mama angeweza kwenda nami.

Asubuhi moja mdogo wangu aliazima dakika chache kabla ya zamu. Simu ilikuwa safi kama yupo chumba cha pili. Nikamwamsha mama, alinitazama asinitambue, akalala tena. Basi tukaongea sie wawili, na hapo ndipo aliponieleza.

Alisema juu sana, kupita mawingu na ndege, kuna tabaka la hewa liitwalo ionosfia, ambalo jua la mchana hulijaza chembe zenye umeme. Jua likizama, huku kwetu karibu na ikweta, tabaka lile huchafuka na kutoa mapovu kama uji unaochemka. Mawimbi ya redio yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti yakipita humo yanapinda na kutawanyika, yanafika mara yana nguvu mara hayana, na simu inashindwa kuyashika. Hata mtambo wa kuonyesha meli ilipo ulikuwa unapoteza baadhi ya setilaiti saa hizo. Mwezi wa Machi ndio mbaya zaidi, na jua lenyewe lilikuwa kwenye miaka yake ya ukali, ambayo hujirudia kila baada ya miaka kumi na mmoja hivi.

Nikamuuliza tufanye nini.

"Hakuna cha kufanya, dada. Ni kusubiri litulie, na likitulia mama keshalala."

Alikuwa amemwomba nahodha ambadilishie zamu ili apige alasiri, na sie tukakubaliana kuichelewesha dawa. Nahodha alikubali, kuanzia kesho yake.

Jioni ile hakuweza kungoja, akapiga. Nikaweka spika, nikaisogeza simu mdomoni kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akavuta pumzi. "Nimekupa radhi zangu zote. Usilie huko ugenini."

Aliendelea kusema, taratibu, mambo ya watoto wake na ya nyumba. Nilitazama kioo cha simu. Ilikuwa imeshakatika, sijui tangu lini. Nikamtazama mama mdogo, naye akaona. Mama alipomaliza akauliza, "Amesikia?"

"Amesikia, dada," mama mdogo akajibu.

Mie nikaiweka simu chini.

Mama alifariki alfajiri. Tulimzika baada ya adhuhuri, makaburi ya Kinondoni, na simu ile ya meli ilikuwa ya kupiga tu, haipokei, kwa hiyo hapakuwa na namna yoyote ya kumfikia mdogo wangu. Alasiri simu ikaita. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Alikuwa na furaha, akasema nimpe mama.

Nilimwambia. Nikawa nasikia injini ya meli. Kisha akasema jana aliisikia marahaba, baada ya hapo ni mvumo tu. Mama alisema nini? Nikamtajia radhi, nikamtajia yale mengine niliyoweza kukumbuka. Akaniomba nirudie kama mama alivyosema, neno kwa neno. Nilijaribu, lakini sauti yangu si ya mama, nikashindwa katikati.

Alirudi Dar Idi zote mbili zimeshapita. Nilimpeleka makaburini, akachutama, akang'oa majani yaliyoanza kuota pembeni. Hajawahi kuniuliza kama mama alijua kwamba simu ilikuwa imekatika, nami sijamwambia kwamba mama aliuliza, akajibiwa amesikia.